Saladi ya Madafu Uliyoniomba

Mtaa wa Kanisani,
Gumaca, Quezon,
Ufilipino.

2 Desemba 2023

Dada Amparo mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji Colin na watoto, na kwa namna ya pekee zimfikie Mama. Natumaini baridi imewaachia sasa na kwamba miguu ya Mama haivimbi tena. Mimi sijambo. Kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha, na cherehani bado inanivumilia.

Huku tumepigwa na kimbunga katikati ya Novemba. Si kikubwa, ila kiling'oa mabati mawili juu ya jiko na kuangusha mnazi wa upande wa kisima. Mabati yamesharudishwa. Mnazi niliwaachia majirani wapasue kuni. Nina sare nyingi za shule za kumaliza kabla ya likizo, na taa ya nyota ya Krismasi nimeshaitundika dirishani, ingawa safari hii nimeitundika peke yangu nikiwa juu ya kiti, na imekaa upande.

Barua hii nampa binti wa Bi Isabel anayerudi huko kazini wiki ijayo. Najua utashangaa kwa nini sikukujibu kwenye simu. Nilijaribu. Kila nikiandika nilifuta. Karatasi angalau inanilazimisha nifike mwisho wa sentensi.

Ujumbe wako niliupata Jumapili nikitoka misa. Ulisema Mama anachokorachokora tu chakula, ila kila siku anataja saladi ya madafu. Ukasema Krismasi mnawaalika Wafilipino wenzetu wa huko Adelaide, kwa hiyo nikutumie namna ya kuitengeneza, ile rahisi isiyopikwa. Mwishoni ukaweka kaua kadogo kekundu.

Nilisimama kwenye ngazi za kanisa nikausoma tena na tena, watu wakinipita kulia na kushoto. Dada, hilo ndilo neno la kwanza ulilonielekezea mimi mwenyewe tangu Septemba. Si Ligaya u hali gani. Si Ligaya tulikosea. Madafu.

Nitakupa unachotaka, usiwe na wasiwasi. Lakini kwanza nataka ujue siku ile ya Septemba ilikuwaje, kwa sababu najua Virgilio alikusimulia, na namjua ndugu yetu huyo anavyosimulia mambo. Yeye hukata pembe zote mpaka kila kitu kinakuwa duara.

Ilianza Julai. Virgilio na Nimfa walikuja wakasema macho ya Mama hayako sawa, inabidi aende Lucena kwa daktari wa macho. Nilikubali, tena niliona aibu kwamba mkwe ameligundua jambo ambalo mimi ninayekaa naye sikuliona. Walimchukua, wakamrudisha, wakamchukua tena. Kila safari niliwafungia wali na samaki wa kukaanga kwenye jani la mgomba wale njiani. Sasa najua walikuwa wanakwenda kupiga picha za pasipoti na kutia vidole kwenye mashine.

Nimfa alirudi na kichupa cha dawa ya matone. Akanipa mkononi na kuniambia, "Wifi, kila jioni, tone moja kila jicho. Usisahau, we ndiye tunayekutegemea."

Sikusahau. Kila jioni tukimaliza rozari Mama alilala chali kitandani, nami nikamfungua kope kwa vidole na kumdondoshea. Nilimuuliza, "Mama, unaona vizuri zaidi?" Akanijibu, "Naona, mwanangu." Alinitazama juu kwa juu, dawa ikimtiririka mashavuni, nami namfuta kwa kona ya aproni yangu ya jikoni. Hakuwa na ugonjwa wowote wa macho. Kile kichupa kilikuwa cha kulainisha macho makavu, kinauzwa dukani kwa yeyote. Mama alijua. Alilala pale jioni baada ya jioni akaniacha nimtibu.

Na wewe, Dada. Julai yote na Agosti yote tuliongea kila Jumapili. Jumapili moja uliniuliza kama Mama ana sweta. Nikakujibu analo moja la kijivu, limetoboka kwenye kiwiko. Nikafurahi, nikidhani unataka kumtumia zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Nilifurahi siku nzima.

Basi siku yenyewe ya kuzaliwa ikakaribia. Nimfa akanipigia. "Wifi, saladi tengeneza nyingi safari hii. Lile beseni kubwa kabisa."

"Nyingi kwani wanakuja kina nani?"

"We tengeneza tu. Bila saladi yako hiyo si sherehe, ni kikao."

Nilicheka. Unajua ninavyopenda kusifiwa kwa kitu hicho kimoja. Nikapasua madafu yote niliyoweza kuyapata, na Mama akaketi kwenye kigoda chake mlangoni akayakwangua kwa kijiko. Alikwangua polepole kuliko kawaida. Kila baada ya muda aliniambia jambo ninalolijua tangu utotoni. Usisahau kuchuja. Usimimine maziwa yote kwa mara moja. Mwishowe nikamwambia, "Mama, unanifundisha kama vile nimeingia jikoni jana." Alinyoosha mkono akachukua dafu jingine. Nilidhani amechoka.

Sherehe ulikwishaona picha zake. Meza chini ya turubai, tambi ndefu za kumtakia umri mrefu, nguruwe wa kuchoma aliyeletwa na Virgilio, wanakwaya wote, hadi yule mama anayeuza samaki sokoni ambaye hajawahi kukanyaga kwetu. Nilijiuliza kwa nini watu ni wengi hivyo, ila mwenye sherehe haulizi, anaongeza sahani.

Nikatoka jikoni nimebeba lile beseni, limetoka kwenye friza, linanichoma mikono kwa ubaridi. Bi Isabel alikuwa amemkumbatia Mama, analia. Akamwambia, "Consolacion, huko ni baridi. Uvae soksi hata kitandani, usione haya."

Nikamtania, "Baridi ya wapi, Bi Isabel? Mama anahamia kwenye friza?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa kwaya akaweka kijiko chini. Bi Isabel akanitazama, kisha akamtazama Virgilio. "Si ulituambia anajua? Ulisema anajua ila hapendi kulizungumzia."

Virgilio akaja upande wangu. "Ligaya, weka kwanza beseni chini."

"Nijue nini?"

"Weka beseni."

Nikaliweka. Akasema, "Mama anaondoka kesho asubuhi. Anakwenda kwa Dada Amparo."

"Kutembea?"

"Kukaa kaa kidogo. Mwaka hivi. Tutaona."

Nikawatazama watu waliokuwa mezani, mmoja baada ya mwingine, na kila niliyemtazama alishusha macho kwenye sahani. Mpaka yule mama wa samaki. Ndipo nikaelewa kuwa ile haikuwa siku ya kuzaliwa. Ilikuwa kuagana, na mimi nilikuwa mpishi.

Nimfa akataka kupoza mambo. Akanishika bega na kusema, "Wifi jamani, tulikuwa tunasubiri umalize saladi kwanza. Tungekuambia jana tungekula nini leo?" Mtu mmoja upande wa kwaya akacheka, kile kicheko cha kumsaidia mwenzako aliyekwama. Dada, nimesahau mengi ya siku ile, ila kicheko kile nakisikia nikikaa kushona.

Nilimgeukia Mama. Sikujali tena waliokuwepo. Nikamuuliza, "Mama, wamekulazimisha?"

"Hapana."

"Kwa hiyo unataka kwenda."

"Nataka." Alikuwa ameshika rozari yake anaizungusha kidoleni. "Ningekuambia ungelia, Ligaya. Na ukilia mimi siendi. Na mimi nilitaka nimwone dada yako kabla sijafa."

Dada Amparo, nakuapia kwamba kutaka kwake hakukuniuma. Wewe ni mtoto wake wa kwanza, uliyemwacha zamani mno, na wajukuu anawajua kwa kioo cha simu. Nani asingetaka? Kilichoniuma ni kwamba mlikaa, nyinyi nyote, mkanitazama mimi kama mtu wa kuzungukwa. Kama mbwa mkali anayetupiwa mfupa ili watu wapite getini. Ni kweli ningelia. Ningelia siku mbili, tatu. Halafu ningemshonea Mama koti zito lenye mifuko mikubwa kwa mikono yangu, ningemfungashia samaki wakavu, ningekaa naye tukaongea yale ambayo watu huongea kabla ya kuachana. Hakuna aliyenipa nafasi ya kulia kisha nikanyamaza. Mliamua kwa niaba yangu kwamba naweza kulia tu.

Unajua nilifanya nini? Niligawa saladi. Nilichukua upawa nikawagawia wote, bakuli kwa bakuli. Walikula. Waliojua walikula na wakaomba waongezewe. Nimfa aliniomba chombo ampelekee mama yake, nikampa, hata kifuniko nilimtafutia. Bi Isabel peke yake hakugusa. Alinifuata jikoni akaanza kuosha masufuria ambayo hakuyachafua, na akaniambia, "Mwanangu, ningejua hujui, hata tambi zao nisingekula." Nilikaa chini sakafuni karibu na friza, na ndipo nililia. Kumbe Mama alikuwa sahihi kwa hilo.

Asubuhi gari lilikuja. Sanduku la Mama halikuwa nyumbani, lilikuwa limeshafungwa kwa Virgilio. Mama alivaa viatu vipya nisivyowahi kuviona. Vilikuwa vinambana, nikapiga magoti nikamlegezea kamba. Akaniambia, "Twende mpaka Manila, unisindikize." Nikamwambia nina sare za kumaliza. Si kweli kwamba ni sare, na alijua. Sikuweza kukaa ndani ya gari moja kwa saa zote zile na watu waliokuwa wamefanya mazoezi ya kunidanganya. Nilichukua mkono wake nikaugusisha kwenye kipaji cha uso wangu, akanibariki, akaingia. Sikumwambia kwaheri.

Tangu siku hiyo anapiga kwa simu yako, nyote mkiwa mmemzunguka. Ananiuliza habari kwa sauti ya juu ya mtu anayesikilizwa. Nami namjibu nzuri. Hayo ndiyo mazungumzo yetu, mimi na mtu niliyelala naye chumba kimoja maisha yangu yote.

Haya. Saladi.

Madafu mabichi sidhani kama mtayapata ya maana, ila kwenye maduka ya Waasia kuna nyama ya dafu iliyogandishwa kwenye mifuko. Iyeyushe ndani ya friji tangu siku iliyotangulia, usiiweke kwenye maji ya moto. Ikiyeyuka, mimina kwenye chujio na uiache hapo. Usiioshe, utamu utaondoka.

Nunua matunda mchanganyiko ya kopo, makopo makubwa mawili kwa watu wa meza moja. Haya nayo yachuje, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanachuja dakika chache wakiona maji yamekatika. Yaache kwenye chujio juu ya bakuli usiku mzima, ndani ya friji. Maji ndiyo yanayoiua saladi. Mtu akikuambia ya kwake huwa inakuwa kama uji siku ya pili, ujue hakuwa na subira ya kuchuja. Juisi inayobaki wape watoto wanywe.

Vile vijipande vya jeli ya nazi vinavyouzwa kwenye chupa, tia kama utavipata. Mama anavipenda kuliko anavyokiri.

Krimu ya kopo au ya pakiti ilale kwenye friji usiku huohuo. Ukiifungua, ule umajimaji unaotangulia umwage. Iliyobaki ikoroge ndani ya beseni mpaka ilainike. Sasa chukua maziwa mazito ya kopo, yale matamu, umimine kidogo, ukoroge, uonje. Umimine tena kidogo, uonje. Wewe unakumbuka saladi ya utotoni, ilikuwa tamu sana kwa sababu sisi tulikuwa watoto. Siku hizi Mama haipendi tamu hivyo, anasema inamkaba koo. Nusu kopo inamtosha. Wageni wako wakitaka sukari zaidi, waongeze kwao.

Usitie nanasi bichi hata shemeji akiliona zuri sokoni. Linaifanya krimu iwe chungu. La kopo halina neno. Matofaa yakate mwisho kabisa, vipande vidogo, uyatupie kwenye ile juisi ya kopo ili yasigeuke rangi, uyachuje pia. Jibini ikate vipande kama kete za bao, si vingi. Najua shemeji atashangaa jibini ndani ya matunda. Mwache ashangae, akila atanyamaza.

Wakati wa kuchanganya usikoroge. Chukua mwiko, uingize mpaka chini, uinue juu, taratibu, hadi kila tunda limevaa krimu. Funika vizuri sana, kwa sababu krimu inavuta harufu, na kwenye friji lenye samaki utakula saladi ya samaki. Ilale humo usiku kucha. Saa moja kabla ya kula ihamishie kwenye friza ishike kidogo, isiwe jiwe, meno ya Mama unayajua. Mpe kwenye kikombe, si kwenye sahani. Anapenda ile ya pembeni mwa beseni iliyoganda nusu.

Jambo jingine, na hili si la saladi. Unasema Mama hataki kula. Umemwachia kazi gani? Huku alikuwa anakwangua, anachambua mchele, ananitungia uzi sindanoni, anagombana na muuza samaki. Nadhani huko mmemkalisha kwenye kochi mkamfunika blanketi. Ukipata hata dafu moja zima, gharama yoyote, mpe yeye na kijiko, umwache. Usimwambie apumzike.

Virgilio na Nimfa wamenialika mkesha wa Krismasi. Nimfa akaniambia nije na saladi. Nimemjibu kwamba nitakula kwa Bi Isabel, na ninakwenda mikono mitupu. Akasema sawa, wifi. Sijamsamehe. Najaribu, ila bado, na nimechoka kusema nimesamehe ili watu wengine wale vizuri.

Wewe pia sijakusamehe, Dada. Nakuandikia haya kwa sababu bado wewe ni dada yangu, na nisingemwandikia hivi mtu ambaye sitaki kumwona tena. Kama nisingekujali, ningekutumia mapishi na kaua tu.

Sitaki unitumie sanduku la zawadi mwaka huu. Nataka kitu kimoja tu. Jumapili moja, mpe Mama simu, umwonyeshe pa kubonyeza, mtoke nje wote mfunge mlango. Akae peke yake na mimi. Akitaka kurudi, aniambie yeye. Akitaka kubaki huko, aniambie yeye. Nitalia, naye atanisubiri nimalize, na nitamjibu.

Nisalimie shemeji Colin, umwambie mahindi aliyoniuliza habari zake yalikomaa kabla ya kimbunga. Wasalimie watoto wote wawili, na mkubwa umpongeze kwa shule. Bi Isabel anakusalimu, anasema bado anakukumbuka ulivyokuwa ukiimba puani kwenye kwaya ya watoto. Mungu na Bikira Maria wawafunike nyote hapo nyumbani, wawape Krismasi yenye afya na meza isiyopungukiwa mtu.

Mama akikuuliza kama nimekasirika, usimfiche. Mwambie ndiyo, Ligaya amekasirika. Halafu mwambie kwamba umeniomba saladi yake, na kwamba nimekuandikia yote, sikuficha hata kijiko.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hata sasa anakupenda,

Ligaya